Umeme ni kama maji, sawa, ila maji gani?

SWALI: Sir, niko Form Three, naishi Mbagala. Tuition tulifundishwa umeme ni kama maji kwenye bomba. Kwenye test kukawa na balbu mbili zinazofanana zimeungwa series, yaani moja baada ya nyingine kwenye njia moja, ipi inawaka zaidi? Nikajibu ya kwanza, kwa sababu umeme unaifikia ukiwa bado mwingi. Nikakosa. Mfano ndo mbovu au mimi?

JIBU: Mdogo wangu, hili kosa nalisahihisha kila muhula, na hapo mfano hauna shida, we umeuachia njiani. Umefikiria bomba la mtaa, kila jirani anakinga ndoo yake, wa mwisho anaambulia matone. Series haina pa kukinga. Bomba lisilo na tundu yakiingia lita 10 kwa dakika zinatoka lita 10, kinachopungua njiani ni presha, na presha ndo volti. Weka ammita (kipimo cha mkondo wa umeme) kabla ya balbu ya kwanza, katikati, na baada ya ya pili, utasoma namba ileile mara zote tatu, na betri ikiwa ya volti 3 kila balbu inachukua 1.5, kwa hiyo zinawaka sawa.

Kinachoniudhi ni hawa wa tuition wanaotupa mfano dakika mbili alafu wanarukia fomula, mtoto haambiwi mfano unakatikia wapi. Kata bomba, maji yanamwagika. Kata waya, umeme unasimama. Waya wa shaba ukiongezwa kipenyo mara mbili resistance (ukinzani) inabaki robo, lakini bomba ukiliongeza hivyohivyo, maji yakienda taratibu bila kuvurugika, ukinzani unabaki 1/16! Sasa mtu aliyekariri tu kwamba umeme ni maji akikokotoa waya kwa hesabu ya bomba anapotea. Hata ule mfano wa hesabu kwamba namba hasi ni deni, kwenye kujumlisha inakubeba vizuri sana, ukifika hasi mara hasi unabaki unajiuliza deni mara deni ndo nini.

Na haiishii darasani. Kuna watu wanapita mitaani na kaboksi ka kuchomeka kwenye soketi, wanakwambia umeme wako unavuja kama bomba bovu, haka kanaziba, units za LUKU zitakaa sana. Uongo mtupu. Ndani ya vile vilivyofunguliwa kuna kapasita ndogo (kifaa kinachohifadhi chaji kwa muda) na taa ndogo, na kapasita ina faida kiwandani kwenye mota kubwa ambako wanatozwa na kVA (umeme wote wanaouvuta, hata usiofanya kazi), ila mita ya nyumbani inahesabu kilowati-saa, ndo hizo units, na hizo hazipungui hata kidogo. Watu wazima wananunua kwa sababu mfano umewaingia akilini na hakuna aliyepima.

Mama akitaka kununua mwombe muuzaji awaachie siku moja. Zimeni vitu vyote, soma units, chemsha majagi 10 ya maji kwa umeme bila kaboksi, soma tena. Alafu rudia kakiwa kamechomekwa, maji kiasi kilekile, na uandike namba zote kwenye daftari.