Mtaji wa samaki umeishia kwenye simu

SWALI: Shikamoo Bi Mkubwa. Nauza samaki wa kukaanga Deep Sea, hapa Tanga. Mwezi uliopita bahari ilichafuka wiki nzima, mtaji ukakata. Nikakopa shilingi 100,000 kwenye programu ya simu. Zikaingia 78,000, na baada ya siku 7 nikatakiwa kurudisha 100,000 kamili. Nilipochelewa wakawapigia watu walio kwenye simu yangu, hadi mwalimu wa mwanangu. Tuliambiwa simu itamwinua maskini. Mbona mwenye boti ndiye anayezidi kupanda? Hata lipa namba ninayopokelea malipo ya wateja kwenye simu ni ya mume wangu.

JIBU: Marahaba mwanangu. Pole sana. Aibu ya kumpigia mwalimu ni yao waliopiga, si yako.

Nimekaa na daftari nikapiga hesabu. Umekaa na 78,000 kwa wiki moja, ukadaiwa 22,000 juu yake. Mwenye boti akikopa benki kwa riba ya asilimia 16 kwa mwaka, kiasi hichohicho kwa wiki hiyohiyo kinamgharimu kama shilingi 240. Nimerudia mara mbili, sikuamini. Bahari iliyochafuka ni moja, lakini yeye ana hati ya nyumba ya kuweka rehani, wewe una beseni na karai la mafuta.

Simu yenyewe siilaumu. Kabla M-Pesa haijaingia kwetu 2008, fedha za mama yangu Pangani nilimpa kondakta wa basi, nimezifunga kwenye leso, na kuna siku zilifika pungufu. Kule Kenya, ilikoanzia 2007, watafiti Tavneet Suri na William Jack waliandika 2016 kwamba huduma hiyo ilizitoa kaya 194,000 hivi kwenye umaskini, na zinazoongozwa na wanawake zilinufaika zaidi. Ukipatwa na shida, ndugu anakutumia siku hiyohiyo, huvunji mtaji. Mkopo wa kukausha damu ni kitu kingine kabisa, hata kama umepita kwenye simu ileile.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Angalia kama hao wako wamo. Jumbe zao usizifute: Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inapokea malalamiko.

Lakini kilichonikaa rohoni ni hiyo lipa namba. Kila mteja anapolipa, kumbukumbu inaandikwa, na siku hizi kumbukumbu hiyo ndiyo anayoitazama mkopeshaji. Anamwona mume wako. Wewe uliyeamka saa kumi alfajiri, mwenye alama za mafuta ya moto mikononi, kwa maandishi hujauza hata kibua kimoja. Simsemi mumeo vibaya, huenda alikusaidia tu siku ile. Ila chukua namba yako ya NIDA, sajili laini yako, uombe lipa namba kwa jina lako.

Halafu nenda kwa afisa maendeleo ya jamii wa kata. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na kati ya hizo 10, asilimia 4 ni za wanawake. Atakutaka uwe na kikundi. Waulize wenzako wa meza za jirani. Sidhani kama ni mwanao peke yake ambaye mwalimu wake alipigiwa.