Guandu, mwaka 200: maswali yenu na majibu kuhusu vita ambavyo Cao Cao alimshinda hasimu wake Yuan Shao huko China

Guan Yu, aliyepigana upande wa Cao Cao, alimuuaje Wen Chou, jemadari wa Yuan Shao?

Hakumuua. Guan Yu alimuua Yan Liang, jemadari mwingine wa Yuan Shao, kule Baima. Hilo la Wen Chou limetoka kwenye riwaya ya Falme Tatu, iliyoandikwa zaidi ya miaka elfu moja baadaye. Nimeshalijibu mara nyingi. Tafadhali tenganisheni riwaya na historia kabla ya kuuliza.

Ni kweli Cao Cao hakufikisha askari 10,000 mbele ya 110,000 wa Yuan Shao?

Siamini. Mwanahistoria Pei Songzhi aliikataa hesabu hiyo tangu karne ya 5: kambi za Yuan Shao zilitanda makumi ya li (kipimo cha Kichina cha umbali), na Cao Cao akazikabili kotekote. Watu wachache hivyo wasingetosha.

Minara na mahandaki ya Yuan Shao yalishindwa kwa nini?

Kila mbinu ilipata dawa yake. Mishale ilimiminika kutoka juu ya vilima vya udongo, watu wa Cao Cao wakawa wanatembea kambini wamejifunika ngao; Cao Cao akaunda mitambo ya kurusha mawe, akaibomoa minara. Watu wa Yuan Shao walipochimba chini kwa chini, naye akachimba handaki refu la kuwakatia njia.

Wuchao, kulikokuwa na ghala la nafaka la Yuan Shao, ilichomwaje?

Hili ndilo swali la maana, maana vita hivi viliamuliwa na nafaka, si na mashujaa. Cao Cao mwenyewe alikuwa ameishiwa. Inasimuliwa kuwa Xu You, mshauri aliyemtoroka Yuan Shao, alimuuliza Cao Cao ana akiba ya muda gani. Akasema mwaka, kisha nusu mwaka, mwisho akakiri: mwezi mmoja. Ndipo Xu You akamtajia ghala la Wuchao, li 40 (kama kilomita 16) kaskazini ya kambi ya Yuan Shao, chini ya ulinzi wa jemadari Chunyu Qiong.

Cao Cao aliondoka usiku na watu 5,000: bendera za Yuan Shao mkononi, farasi wamefungwa midomo, kila askari na mzigo wa kuni. Walipoulizwa njiani, walijibu kuwa wametumwa kuongeza ulinzi. Walipofika wakalizingira ghala, wakawasha moto. Wapanda farasi wa kuliokoa walipokaribia, maofisa waliomba kikosi kigawanywe. Cao Cao akakataa: aambiwe adui akishafika mgongoni.

Yuan Shao yeye aligawanya. Wapanda farasi wepesi aliwapeleka Wuchao, jeshi zito akalituma kuivamia kambi ya Cao Cao, ambayo ilikuwa na ngome imara. Jemadari wake Zhang He alimwonya, hakusikilizwa. Mwisho Zhang He na jemadari mwenzake Gao Lan wakajisalimisha kwa Cao Cao.

Askari waliojisalimisha walisamehewa?

Hapana. Cao Cao alidai kujisalimisha kwao ni hila, akawaua. Kumbukumbu zinataja waliouawa zaidi ya 70,000. Mnaomsifu kwa Wuchao, litajeni na hili.