Jina la baba hununua tiketi, halinunui muda

Mhariri, mmeuliza kama mtoto wa bondia mashuhuri anayeingia kwenye ngumi za kulipwa umri ukiwa umekwenda hupewa upendeleo asioustahili. Upendeleo upo, lakini uko kwenye mabango na malipo. Ulingoni, jina hilo humnyima kitu ambacho bondia asiyejulikana hukipata bila kukiomba, yaani nafasi ya kujifunza na kukosea pasipo kutazamwa na watu.

Mfano ulio wazi zaidi ni wa Jacqui Frazier-Lyde, binti wa Joe Frazier, aliyewahi kuwa bingwa wa dunia wa uzito wa juu. Alikuwa wakili na mama wa watoto watatu alipopanda ulingoni kwa mara ya kwanza Februari 2000, akiwa na miaka 38, umri ambao baba yake alikuwa ameshastaafu kabisa. Miezi 16 baadaye, tarehe 8 Juni 2001, alipambana na Laila Ali, binti wa Muhammad Ali, huko Verona, jimbo la New York, na pambano hilo likatangazwa kana kwamba ni la nne katika mfululizo wa baba zao, waliokuwa wamepigana mara tatu. Hapo ndipo ninapoona dhuluma. Baba hao walipokutana mara ya kwanza mwaka 1971, Ali alikuwa na ushindi mara 31 na Frazier mara 26, na kila mmoja alikuwa ameshatwaa dhahabu ya Olimpiki. Mabinti walikutana Laila akiwa ameshinda mara 9 na Jacqui mara 7, bila ngumi za ridhaa, yaani zisizo za kulipwa, za kutajika nyuma yao. Bondia mwingine mwenye mapambano saba angekuwa bado anapigana mapambano ya utangulizi, ukumbi ukiwa nusu mtupu.

Walipigana raundi zote 8, Laila akashinda kwa pointi, ingawa jaji mmoja aliona sare. Ngumi nyingi zilirushwa ovyo na ulinzi ulilegea, lakini sioni jinsi mwanamke wa miaka 39 aliyemaliza raundi hizo mbele ya mpinzani wa miaka 23 anavyoweza kuitwa mtu wa maonyesho tu. Wanawake waliokuwa wamepigana miaka mingi kwa malipo madogo walikuwa na haki ya kulalamika. Ila lawama hiyo ilipaswa kuwaendea mapromota na televisheni.

Wala si suala la umri peke yake. Kaka yake Jacqui, Marvis, alianza mapema na alikuwa hodari katika ridhaa, lakini Novemba 1983, akiwa na mapambano 10 tu ya kulipwa, alikutanishwa na bingwa Larry Holmes na kumalizwa katika raundi ya kwanza. Meneja wake alikuwa baba yake mwenyewe. Kijana angeweza kurudi nyuma na kujipanga upya. Anayeanza karibu na miaka 40 hana miaka ya kurudi nyuma.

Hata hivyo, aliyechelewa ana faida moja ambayo wanaomlaumu huisahau: mara nyingi ana kazi nyingine, kwa hiyo halazimiki kuendelea kupigwa ili apate chakula. Jacqui aliacha ngumi akiwa ameshinda mara 13, ameshindwa mara moja na kutoka sare mara moja, kisha akachaguliwa kuwa hakimu katika mahakama ya jiji la Philadelphia.