Maswali ya Wasomaji: Kodi ya Chumba, Nauli na Umbali wa Kufika Mjini

Barua tulizopokea kuhusu makazi ya Dar es Salaam ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo. Tumechagua nne zinazogusa mambo ambayo wengine pia wameyauliza kwa namna mbalimbali, na ya kwanza tumeijibu kwa kirefu kwa sababu ndani yake zimo barua nyingine nyingi.

Swali

Mhariri, salaam. Mimi ni muuzaji katika duka la vitambaa Kariakoo, na mshahara wangu ni shilingi 300,000 kwa mwezi. Nimepanga chumba kimoja Buguruni kwa shilingi 80,000, na nauli yangu ni shilingi 600 kwenda na 600 kurudi. Mama mwenye nyumba ametutangazia kwamba mkataba ujao kodi itakuwa shilingi 100,000, nayo italipwa ya miezi sita kwa mkupuo. Dalali ananiambia kwamba Chanika vyumba vya shilingi 35,000 vipo. Nimeulizia usafiri: nitapanda magari mawili kwa shilingi 1,200 kila safari, na kwa kuwa tunafunga duka usiku, nitahitaji bodaboda ya shilingi 1,000 kutoka kituoni hadi nyumbani. Je, nihamie huko?
Dada wa Buguruni

Jibu

Dada yetu, tumechukua namba zako tukazipigia hesabu ya siku 26 za kazi kwa mwezi. Ukibaki Buguruni kwa kodi mpya, nauli itakuwa shilingi 31,200, na pamoja na kodi utatumia shilingi 131,200. Ukihamia Chanika, nauli na bodaboda zitakuwa shilingi 88,400, na pamoja na kodi ya 35,000 utatumia shilingi 123,400. Punguzo la shilingi 65,000 ulilotajiwa na dalali limebaki kuwa shilingi 7,800, kabla hujagharamia kuhamisha vyombo, kumlipa dalali huyo huyo, na kununua chakula njiani kwa sababu utatoka nyumbani alfajiri na kurudi jikoni kukiwa kumeshapoa.

Kwa hiyo ushauri wetu ni kwamba usihamie Chanika maadamu kazi yako iko Kariakoo na inakwisha usiku. Hatusemi kwamba Chanika ni pabaya. Kwa mtu mwenye shughuli zake Gongo la Mboto, Pugu au Chanika kwenyewe, chumba cha bei hiyo ni nafuu ya kweli. Kwako wewe, sehemu kubwa ya kile ambacho mwenye nyumba hatakitoza kitatozwa na kondakta na mwendesha bodaboda.

Kinachotakiwa ni kutafuta katikati, na hapo kigezo kisiwe umbali wa kilomita kutoka mjini bali idadi ya magari utakayopanda. Mahali ambapo gari moja linakufikisha, na kutoka kituoni unatembea kwa miguu, panaweza kuwa mbali kidogo kuliko Buguruni na bado pakakufaa. Tuchukulie umepata chumba cha shilingi 60,000 mahali ambapo gari moja ni shilingi 800: nauli ya mwezi itakuwa 41,600, jumla shilingi 101,600, na utakuwa umeokoa karibu 30,000 kila mwezi ukilinganisha na Buguruni ya kodi mpya. Anza kutazama kando ya barabara ya Nyerere, kuanzia Kipawa na Ukonga hadi Gongo la Mboto, au upande wa Mbagala. Tafuta nyumba za zamani zenye korido katikati na choo cha pamoja uani, kwa sababu vyumba vya "masta" vyenye choo ndani hupandisha kodi ghafla.

Kuna jambo moja ambalo madalali hawalitaji. Anayeishi mwisho wa gari hupata kiti. Anayeishi katikati ya njia hukuta gari limejaa, na asubuhi hulazimika kupanda la kurudi nyuma hadi mwisho ili ageuze nalo, akilipa nauli mara mbili. Ndiyo maana Gongo la Mboto, pamoja na umbali wake, inaweza kukugharimu kidogo kuliko Ukonga. Nenda ukasimame kwenye kituo cha mtaa unaoutaka siku ya Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi kabla hujatoa fedha yoyote. Jumapili mchana, wakati ambao wengi wetu huenda kutazama vyumba, kila kituo kinaonekana chepesi.

Umeandika pia, katika sehemu ya barua ambayo hatukuichapisha, kwamba umeshauriwa kutumia reli. Treni ya mjini ya Pugu ni nafuu, lakini ina saa zake za asubuhi na jioni, na anayefunga duka usiku anaweza kuikosa. Ama treni ya mwendo kasi ya SGR, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, ilianza na nauli ya shilingi 4,000 kutoka Dar es Salaam hadi Soga na 5,000 hadi Ruvu kwa daraja la kawaida. Kwa nauli ya Soga, kwenda na kurudi kwa siku 26 ni shilingi 208,000. Viwanja vya Soga vinauzwa kwa maneno matamu kuhusu treni hiyo, lakini kwa mshahara wa shilingi 300,000 haifai kuwa gari la kila siku.

Kuhusu miezi sita: sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiwango cha kodi ni makubaliano ya pande mbili yanayoongozwa na mkataba pamoja na Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Maana yake ni kwamba mama mwenye nyumba anaruhusiwa kupandisha kodi mkataba unapokwisha, ila haruhusiwi kuibadilisha katikati ya kipindi ambacho mlikubaliana na ukalipa. Pia hakuna sheria inayomlazimisha mpangaji kulipa miezi sita. Ni desturi ya mji huu, na desturi hujadiliwa. Wenye nyumba wengi huitaka fedha ya mkupuo kwa sababu wanajenga kidogo kidogo, na kodi yako ndiyo bati au saruji ya chumba kinachofuata. Kwa hiyo usimwendee kwa kulia shida. Mwendee na pendekezo: kwamba wewe ni mpangaji wa muda mrefu usiyemsumbua, kwamba utalipa miezi mitatu mitatu bila kuchelewa, na kwamba kodi iwe 90,000. Akikataa yote mawili, mwombe akubali moja.

Ukilazimika kutafuta shilingi 600,000 kwa mara moja, yaani mshahara wa miezi miwili, tumia mchezo wa wenzako wa dukani au kikoba cha mtaa, na uombe zamu yako iangukie mwezi wa kodi. Mikopo ya "kausha damu", yaani ya riba kubwa mno, na ile ya kwenye simu isiyo na ofisi inayojulikana usiiguse kwa ajili ya kodi. Kodi hurudi kila baada ya miezi sita, na anayeilipa kwa riba ya namna hiyo hufika awamu ya pili akiwa bado hajamaliza deni la awamu ya kwanza.

Swali

Mhariri, nafanya kazi ya ulinzi katikati ya jiji. Nimepata chumba Kigogo, chini kabisa kuelekea bonde la Msimbazi, kwa kodi ambayo ni nusu ya vyumba vya juu yake. Naweza kwenda kazini kwa miguu. Mke wangu anasita kwa sababu ya mvua. Ninyi mnaonaje?
Mlinzi

Jibu

Mkeo ana haki ya kusita. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kuwatoa wengi katika bonde hilo, na baadhi yao walihamishiwa Mabwepande, mbali mno na kazi zao za mjini. Tangu wakati huo maji yamerudi mara nyingi, na sasa bonde la chini limo katika mradi mkubwa wa serikali unaofadhiliwa na Benki ya Dunia, ambao umelipa fidia na kuondoa nyumba ili eneo lijengwe upya. Hivyo unaweza kulipa kodi ya miezi sita katika nyumba ambayo mwenyewe anajua kwamba ina alama ya kuondolewa.

Kigogo yote haipo bondeni, na kuishi karibu na kazi kwa mtu wa zamu za usiku ni faida kubwa ambayo hatutaki kukunyima. Panda mita chache, ulipe zaidi kidogo. Kabla ya kuamua, tazama ukuta wa nje kwa chini: mstari wa rangi ya tope, plasta iliyopigwa upya hadi usawa wa goti, au kizingiti cha mlango kilichoinuliwa kuliko kawaida, vyote hivyo ni maji yaliyowahi kuingia. Mwulize mama lishe wa jirani aliyekaa hapo miaka mingi, wala usimwulize dalali. Na kama unaweza kungoja, kitazame chumba hicho wakati wa masika.

Swali

Ni halali dalali kunitoza shilingi 10,000 ya kuonyeshwa chumba, kisha kodi ya mwezi mmoja nikikipata? Na hivi Kigamboni ni nafuu kweli?
Msomaji wa Temeke

Jibu

Fedha ya mwezi mmoja kwa dalali aliyekupatia chumba ni mazoea yaliyoenea, na waweza kuomba ipunguzwe kabla hamjaanza kuzunguka. Fedha ya kuonyeshwa ndiyo yenye utapeli mwingi, maana wapo wanaoishi kwa kuwaonyesha watu kumi chumba kimoja ambacho kimekwisha kupangishwa. Kubali kumlipia nauli, basi. Kodi yenyewe usimkabidhi dalali hata kidogo: mlipe mwenye nyumba, kwa mkataba wa maandishi wenye shahidi, na kwanza pita ofisi ya serikali ya mtaa uulize kama huyo anayejiita mwenye nyumba ndiye kweli. Nyumba za urithi ambazo ndugu wanagombana zina wenye nyumba watatu au wanne, na kila mmoja anatoa risiti.

Kigamboni inamfaa mtu mmoja hasa: anayefanya kazi Posta, Kivukoni au Feri, na anayeweza kutembea kutoka Magogoni baada ya kushuka kwenye pantoni. Nauli ya kivuko ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012 watu walilalamika sana, na bado ni safari ndogo ya bei ndogo. Shida ni foleni, na siku ambazo pantoni moja iko kwenye matengenezo. Anayefanya kazi Ubungo au Mwenge asiingie Kigamboni kwa ajili ya kodi peke yake. Ulizia pia maji, kwa kuwa visima vingi vya huko vina chumvi, na ukianza kununua ya kunywa na kupikia kwa madumu, hesabu ya kodi inabadilika.

Swali

Mimi na mume wangu tunashona nguo Mbagala. Tumeweka akiba ya shilingi 2,000,000. Tumeonyeshwa kiwanja Vikindu, wilaya ya Mkuranga, kwa malipo ya awamu. Tukinunua, tutaachana na kupanga?
Fundi cherehani

Jibu

Hamtaachana na kupanga mwaka huu, na yamkini si mwaka ujao pia. Kwa muda mrefu mtakuwa mnalipa kodi Mbagala na awamu za Vikindu kwa pamoja, kisha mtaanza saruji na bati. Jiulizeni kwanza kama mapato ya cherehani katika mwezi mbaya yanabeba vyote viwili. Kama hayabebi, awamu zitakatika na wauzaji wengi wana kifungu cha kutorudisha fedha. Kisomeni kifungu hicho kabla ya vingine vyote.

Mkiona mnaweza, ulizeni kama kiwanja kimepimwa. Kilichopimwa kina namba, kina bikoni (alama za mipaka) ardhini na kinaonekana kwenye mchoro uliopitishwa. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri ya wilaya na namba hiyo mkaithibitishe wenyewe. Kama hakijapimwa, ulizeni kama ni ardhi ya kijiji, kwa kuwa hiyo inaongozwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kuiuza kunataka halmashauri ya kijiji ihusike. Muhuri wa mtu mmoja na saini za mashahidi wawili mliokutana nao siku hiyo hautoshi. Majirani wa pande zote nne wawepo siku ya kuonyeshana mipaka. Mkataba uandikwe na mwanasheria, na majina yenu yote mawili yawemo, kwa kuwa akiba ni ya cherehani mbili.

Endapo muuzaji ataharakisha malipo kwa kudai kwamba kuna mteja mwingine njiani, mwacheni amuuzie huyo mteja. Vikindu bado ina viwanja, na kodi yenu ya Mbagala bado mnaimudu.