Giaboksi ya mashine ya boti Yamaha 40 inaruka gia: kutengeneza au kununua nyingine?

Kaka, usikimbilie giaboksi mpya. Fungua skrubu ya chini, mwaga oili kwenye chombo safi. Ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yanaingia. Mara nyingi ni sili tu, zile pete za mpira za kuzuia maji, na sili ni hela ndogo. Toa na propela utazame, mshipi wa kuvulia ukijisokota kwenye shafti ndio unaozikata sili. Vumbi laini la chuma ni kawaida. Ukishika vipande, gia imekatika meno.

Hiyo yako, kuruka gia ya mbele ukiongeza moto, kwanza rekebisha fimbo ya gia, maana gia isipoingia yote lazima itoke. Ikiendelea, meno ya klachi, kile kipande kinachong'ata gia ya mbele au ya nyuma, yamelika. Badilisha klachi na gia ya mbele kwa pamoja. Klachi mpya kwenye gia iliyochakaa haidumu. Akitokea fundi wa kuchomelea meno, mkimbie.

Pinioni (gia ndogo ya shafti ya wima) na beringi nazo zikiwa zimekwisha, hapo tafuta giaboksi ya mtumba. Yamaha 40 ziko za aina kadhaa, kwa hiyo linganisha namba ya modeli na urefu wa shafti. Na uzungushe kwa mkono kabla hujatoa pesa.