Dirisha la Chumba cha Dada: Kumtumikia Mungu Ukiwa Msanifu Majengo

Mita mbili kwa mita moja na nusu. Hicho ndicho kipimo mteja wangu alichonipa cha chumba cha dada wa kazi: chini ya ngazi, nyuma ya jiko, bila dirisha. Tulikuwa sebuleni kwake Tabata, Jumapili mchana, mimi nimetoka ibadani moja kwa moja, ramani imetandazwa mezani. Mama alikuwa bado ananionyesha kwa kidole pale chumba kitakapokaa, dada mwenyewe akaingia na chai. "Shikamoo." Nikaitikia. Akasogeza pembe ya karatasi isije ikalowa, akaweka vikombe, akatoka. Kikombe changu kilitua karibu kabisa na kile kijisanduku nilichokuwa nimekichora kwa penseli.

Sikumhubiria yule mama. Nilimwomba siku tatu. Nikarudi na mchoro ambao stoo imeingia chini ya ngazi, maana gunia la mchele na masufuria havihitaji hewa ya usiku, na dada amehamia pale stoo ilipokuwa, kwenye ukuta wa kusini, chumba cha mita mbili na nusu kwa tatu, na dirisha lenye wavu. Jiko lilipungua sentimita 60. Gharama iliyoongezeka ni ya dirisha moja. Mama aliiangalia ramani muda mrefu, kisha akauliza, "Na kabati litaingia?" Nikamwambia litaingia. Basi.

Nasimulia hili kwa sababu kila mwaka vijana wanaomaliza usanifu majengo huniuliza namna ya kumtumikia Mungu kwa shahada yao, na karibu wote wanawaza kuchora makanisa. Nami niliwaza hivyo nilipomaliza. Nilimshika Bezaleli wa kitabu cha Kutoka, yule fundi aliyejazwa Roho wa Mungu kwa kazi ya hema, nikajiambia siku nikipata kanisa la kuchora ndipo wito wangu utaanza. Nilikaa miaka nikisubiri, huku nikichora nyumba za kupangisha na fremu za maduka kama vile hizo hazimhusu Mungu.

Mstari ulionitoa huko uko Kumbukumbu la Torati 22:8. Ukijenga nyumba mpya, weka ukingo kuzunguka dari yako, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba yako. Nyumba za kule zilikuwa na paa bapa na watu walipanda juu. Ndiko Rahabu wa Yeriko alikowaficha wale wapelelezi wa Israeli. Kwenye sheria hiyo hatajwi kuhani wala madhabahu. Anatajwa mtu wa kawaida anayejenga nyumba ya kuishi, na mtu mwingine asiyemjua, atakayekuja siku moja kuegemea. Mungu aliona inafaa kuandikia sheria jambo hilo dogo. Nimeusoma mstari huo mara nyingi kuliko mwingine wowote katika kazi yangu.

Na nimeuvunja.

Ijumaa Kuu ya mwaka 2013, tarehe 29 Machi, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka asubuhi. Watu 36 walikufa. Nilikuwa kijana, sijasajiliwa bado, naenda ibadani, simu zikaanza kuingia moja baada ya nyingine. Siku ile kanisani nilikuwa nawaza mnara wa Siloamu, ule ulioanguka ukaua watu 18. Yesu alisema waliokufa hawakuwa wenye dhambi kuliko wengine wote wa Yerusalemu. Hilo ni kweli na linafariji. Ila sisi wa fani hii tunaulizwa swali jingine: ramani ilichorwa na nani, nani aliigonga muhuri, na nani alikwenda saiti kuangalia.

Ungedhani mtu aliyeishi siku ile hawezi kuuza muhuri wake. Miaka mitatu baadaye, nikiwa nimeshasajiliwa na Bodi inayosajili wasanifu majengo, mchoraji mmoja tuliyefahamiana alinijia na ramani za nyumba ya wageni ya ghorofa moja. Alizichora yeye, mteja ni wake, alichotaka kwangu ni muhuri tu ili kibali kitoke. Laki tano. Nilikuwa nadaiwa kodi ya nyumba. Nilizipitia kwa dakika ishirini hivi, nikagonga, nikasaini.

Miezi kadhaa baadaye nikapita njia ile kwa bahati. Jengo limeshapanda, watoto wa mlinzi wanacheza juu kwenye kibaraza, na kibaraza hakina ukingo. Kwenye ramani niliyosaini ukingo ulikuwepo, ila fundi alikuwa ameambiwa utasubiri pesa. Niliegesha gari nikakaa ndani sijui kwa muda gani. Kisha nikapanda juu, nikawateremsha watoto, nikampigia mwenye jengo. Alinijibu kwa ukali kwamba hanifahamu. Na kweli hakunifahamu, jina langu lilikuwa kwenye karatasi zake tu. Ilinichukua wiki mbili za kumfuata, na mwisho nilinunua mabomba ya chuma kwa pesa yangu, zaidi ya zile laki tano, tukachomelea. Nilitubu mbele za Mungu, na nilimweleza pia mchungaji wangu, kwa sababu najua toba ya siri ilivyo rahisi kusahaulika.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza: muhuri wako usikae kwenye droo ya mtu mwingine, na usiugonge kwenye kazi usiyoisimamia. Mchoraji atakuambia wote wanafanya. Atakuambia wewe Mkristo unamnyima mwenzio riziki. Mwambie mkae muichore upya pamoja, mlipwe wote wawili kihalali. Wengine watakubali, nimefanya kazi nzuri na wachoraji wawili kwa njia hiyo.

Kanisa la kuchora nililipata hatimaye, la usharika wetu wenyewe, na lilinifundisha ambacho sikutegemea. Kamati ya ujenzi ilikuwa na maoni mengi juu ya mnara na marumaru ya madhabahuni. Mlangoni kulikuwa na vipandio sita vya sentimita 15, yaani sakafu iko sentimita 90 juu ya uwanja. Nilichora njia ya mteremko kwa wanaotumia kiti cha magurudumu na wazee. Ukifuata kipimo cha moja kwa kumi na mbili, yaani kila sentimita moja ya kupanda iwe na kumi na mbili za urefu, inataka karibu mita kumi na moja. Mzee mwenyekiti akasema hizo zitakula maegesho, na vijana wapo wa kuwabeba wazee. Sikubishana naye. Niliwaomba wajumbe wasimame Jumapili moja kwenye ngazi za kanisa la zamani na wawapokee waumini wao wenyewe. Kabla ya ibada ya pili walikuwa wanawashika wazee mkono kwa zamu. Bibi mmoja alipanda kwa ubavu, mkono mmoja ukutani, akipumzika kila kipandio, na hakutaka kubebwa. "Niacheni niingie kwa Bwana kwa miguu yangu," alisema. Mteremko ukapitishwa wiki ileile.

Jambo jingine ni mafundi. Yeremia 22:13 inamlilia ole mtu anayejenga nyumba yake kwa udhalimu na kumtumikisha mwenzake bila ujira. Wewe ndiwe unayethibitisha kazi iliyofanyika ili mkandarasi alipwe. Karatasi yako ikikaa mezani wiki tatu, kuna vibarua hawajapeleka unga nyumbani. Saini mapema. Na nenda saiti. Ukifika kanisa la Mkunazini, Zanzibar, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa 1873 mahali palipokuwa soko la watumwa, watakuonyesha nguzo zilizosimamishwa kichwa chini. Inasimuliwa kwamba Askofu Steere, aliyesimamia ujenzi wake, alikuwa hayupo mafundi walipoziweka. Mimi pale huwa nasimama muda mrefu. Kanisa limejengwa juu ya mahali ambapo watu walipigwa bei, na madhabahu iko pale inaposemekana palikuwa na mti wa kuchapia watumwa. Aliyelipanga hivyo alijua jengo linaweza kusema nini.

Sitakuficha kwamba utapoteza kazi. Mwaka jana mteja alitaka ramani za kibali zionyeshe ghorofa tatu, kisha yeye ajenge tano. Nilikaa naye na mhandisi, tukamweleza msingi utabeba nini na hautabeba nini. Alitusikiliza vizuri, akatushukuru, akatafuta watu wengine. Nilimwandikia barua kwamba michoro yangu ni ya ghorofa tatu na isitumike kwa zaidi ya hapo, nakala nikaiweka kwenye faili. Ile ilikuwa kazi kubwa kuliko zote nilizokuwa nazo. Tuliomba sana nyumbani kipindi kile, mimi na mume wangu, na tukaenda shuleni kwa watoto kumwomba mhasibu atusubiri. Ada ya muhula ule tuliilipa kwa mafungu manne.