Kabla ya kutoa figo, kaa na daktari wa usingizi

Nilipokubali kumpa mdogo wangu figo, niliogopa nusu kaputi kuliko kisu chenyewe, na siku ya kuonana na daktari wa usingizi nilimwomba anichome ganzi ya mgongo tu ili nibaki macho.

Alinieleza kwa upole kwamba figo ingetolewa kwa njia ya matundu madogo, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1995, ambapo tumbo hujazwa gesi ya kabonidayoksaidi ili madaktari wapate nafasi ya kufanyia kazi. Gesi hiyo husukuma mapafu kutoka chini, na misuli ya tumbo haina budi kulegezwa kabisa. Kwa hiyo mtoaji hulazwa usingizi mzito na kupumuliwa kwa mashine. Ganzi ya mgongo, au ya ukuta wa tumbo, huweza kuongezwa ili kupunguza maumivu baadaye.

Jambo lililonigusa zaidi ni kwamba shinikizo la gesi hupunguza damu inayofika kwenye figo, hivyo daktari anayechunga presha ya mtoaji na kumpa dripu ya kutosha analinda figo mbili kwa wakati mmoja, ile inayobaki na ile inayokwenda kwa mgonjwa. Ndiyo maana nakushauri usitumie muda wako wote kuuliza kama utalazwa usingizi kwa gesi ya kuvuta iitwayo sevoflureni au kwa dawa ya mshipani iitwayo propofoli. Uliza presha yako itachungwaje, maji utapewa kiasi gani, na maumivu yatatulizwa kwa dawa gani.

Swali hilo la mwisho lilinifaa mapema. Nilizinduka koo likiwasha kwa sababu ya mpira wa kupumulia, na bega likiniuma kuliko kidonda, maumivu yanayoletwa na gesi iliyosalia tumboni. Muuguzi akaja na sindano. Nikamwuliza ni dawa gani, akajibu ni diklofenaki, dawa ambayo nilikwisha kuonywa kwamba inaweza kuidhuru figo iliyobaki. Alisoma faili upya, akaomba radhi, akarudi na parasetamoli ya dripu. Omba katazo hilo liandikwe waziwazi kwenye faili, na umweleze pia ndugu atakayekuuguza, kwa maana huenda wewe mwenyewe ukawa bado umelewa dawa.

Hadi leo, nikiingia duka la dawa kwa sababu ya maumivu ya kiuno, husema kwanza kwamba nina figo moja.